Meza ya Korido

Watu wakisikia unakwenda Marekani hukuagiza simu na viatu. Mkuu wetu wa shule aliniagiza kitu kingine. Alinikuta bombani asubuhi, siku mbili kabla sijaondoka Morogoro, akanivuta pembeni mbali na watoto waliokuwa wanagombania ndoo. Akaniambia nikifika huko nimtafutie shule ndogo ya binafsi iliyowahi kuongozwa na mtu mmoja mpaka akazeeka kabisa, nimwangalizie ilikuwaje alipotoka. Hakuongeza neno. Ana miaka sabini na minne. Shule aliianzisha yeye na marehemu mkewe kwa watoto kumi na wawili, sebuleni kwao, chini ya milima ya Uluguru. Leo ina watoto mia moja na arobaini na magari mawili, na haina hata karatasi moja inayosema nani atashika funguo kesho.

Mimi ndiye msaidizi wake. Swali lake lilikuwa langu pia, ila mimi nisingethubutu kuliuliza.

Dada yangu anaishi Springfield, Massachusetts, anatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu za usiku. Nilipomweleza agizo lile alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, umekuja kutembea au umekuja kukagua?" Mwanawe, mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyenipa jina la Deerfield. Alisema iko kaskazini, haifiki saa moja kwa gari, ni "prep school", na kwamba mfalme wa Jordan alisoma pale. Shemeji akasema Jumamosi ana nafasi.

Neno lile "prep" lilinichekesha kidogo. Aliyekaa bweni Tanzania anajua prepo ni nini: ni usiku, umeshakula maharage, uko darasani na daftari mbele yako, mwalimu wa zamu anapita na fimbo nyuma ya kiti chako, na umeme ukikatika ndiyo furaha yako ya wiki. Kwa Waingereza shule ya maandalizi ni ya watoto wadogo, wanaotayarishwa kuingia shule kubwa za bweni wakifika miaka kumi na mitatu. Wamarekani nao huita hivyo sekondari za kulipia zinazomtayarisha kijana kuingia chuo kikuu. Neno ni hilohilo, ila sisi tuliopokea mwisho tumebakiwa na saa mbili za usiku.

Tulipanda barabara namba 91 kuelekea kaskazini, mto Connecticut ukiwa kulia kwetu, ukijificha na kutokea. Ilikuwa Oktoba. Nilikuwa nimeona picha za majani ya huko yakigeuka rangi nikidhani wapiga picha wanaongeza chumvi, lakini mlima mzima ulikuwa mwekundu kama kungumanga lililopasuliwa. Tukapita Northampton, mji wenye chuo cha Smith, na ng'ambo ya mto kuna Amherst, penye chuo kingine. Naomba msomaji aviweke vyuo hivyo viwili akiba, maana mke na mume wa habari hii walitoka humo. Baada ya hapo ni mashamba: ghala ndefu za mbao za kukaushia tumbaku, mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na vibanda vya maboga kando ya barabara visivyo na muuzaji. Unachukua boga, unatia hela ndani ya sanduku, unaondoka. Shemeji alipunguza mwendo ili nione vizuri, akaniambia, "Hapo ndipo utajua uko ugenini."

Deerfield ya zamani ni kijiji cha barabara moja, urefu wake kama maili, na nyumba za mbao za miaka ya 1700 zimesimama pande zote mbili kama watu wanaosubiri kupita kwa maiti. Kadhaa ni makumbusho. Shule iko katikati yake, na mgeni hajui wapi kijiji kinaishia na wapi shule inaanzia.

Tulianzia kwenye jengo la matofali liitwalo Memorial Hall. Hilo ndilo lilikuwa shule yenyewe mwanzoni. Hati ya kuianzisha ilisainiwa mwaka 1797 na gavana Samuel Adams, mmoja wa vinara wa uhuru wa Marekani, na milango ikafunguliwa mwaka 1799, kwa wavulana na wasichana pamoja. Shule ilipohama, jengo likageuzwa makumbusho mwaka 1880. Ndani kuna mlango mmoja mzito wa mbao, umejaa misumari, na katikati una tundu lililochongwa kwa shoka. Ulikuwa mlango wa nyumba ya mtu. Tarehe 29 Februari 1704, kabla ya kupambazuka, theluji ikiwa imelundikana mpaka karibu na kimo cha boma, askari wa Kifaransa na wapiganaji wa makabila ya wenyeji waliingia kijijini. Waliuawa watu wapatao hamsini, na 112 wakachukuliwa mateka, wakatembezwa kwa miguu kwenye theluji mpaka Kanada.

Mpwa wangu aliweka jicho kwenye lile tundu. Mimi nilisoma orodha ya waliokufa. Kasisi wa kijiji, John Williams, alikuwa na watumwa wawili Waafrika. Mwanamke, Parthena, aliuawa katika shambulio. Mwanamume aliuawa mwanzoni mwa safari ya mateka. Jina lake lilikuwa Frank.

Nalitaja jina hilo kwa sababu kila mtu utakayemuuliza habari za uongozi Deerfield atakutajia Frank. Ni Frank mwingine, aliyekuja miaka mia mbili baadaye.

Frank Boyden alifika mwaka 1902, ametoka moja kwa moja Amherst, ana miaka ishirini na miwili, mfupi, wa miwani. Hakutaka ualimu. Alitaka kusomea sheria, na alihitaji mshahara wa muda ili aweke akiba. Shule aliyoikuta ilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, na wadhamini wake walikuwa wanafikiria kuifunga. Alikaa miaka sitini na sita.

Siwezi kueleza yote yaliyotokea kwenye miaka hiyo. Mwandishi John McPhee, aliyesoma pale, aliandika kitabu kizima juu ya Boyden mwaka 1966. Nitashika mambo mawili matatu yaliyonigusa mimi ninayelala na kuamka na mambo ya mahudhurio na ada.

La kwanza ni namna alivyopata wanafunzi. Bonde lile lilikuwa la wakulima, na kijana wa miaka kumi na sita alikuwa nguvukazi. Boyden alifunga farasi kwenye kigari, akawafuata shambani. Alizungumza na baba wa kijana akiwa ameshika jembe la kukokotwa, akarudi tena wiki iliyofuata, na tena. Yeyote aliyefundisha kijijini kwetu msimu wa kulima anajua kazi hiyo. Nimewahi kukaa kwenye jiwe saa mbili nzima nikimsubiri mzazi amalize palizi ndipo nimwambie kwamba binti yake ana akili. Nilipoyasikia ya kile kigari nikamwona mtu, sanamu ikaondoka.

La pili ni michezo. Wavulana walikuwa wachache mno kujaza timu, kwa hiyo mkuu wa shule aliingia uwanjani mwenyewe. Alicheza na wanafunzi wake dhidi ya shule nyingine, kwa miaka mingi, na kuumia akaumia. Baadaye shule ilipokua aliweka desturi kwamba kila mvulana lazima awe kwenye timu, hata kama ni timu ya saba ya wasiojua mpira. Aliamini kwamba mtoto aliyechoka kwa mchezo jioni hana muda wa kutafuta balaa usiku. Walimu wetu wa mabweni wangemuunga mkono bila kupiga kura.

La tatu ni meza.

Ofisi ya mkuu wa shule kwetu ni chumba cha mwisho. Ina pazia, ina kalenda ya benki, ina kombe la mashindano ya UMITASHUMTA lililopoteza mkono mmoja, na mlango wake hupigwa hodi kwa woga hata na watu wazima. Mtoto akiitwa ofisini darasa zima hunyamaza. Boyden alichukua meza yake akaiweka koridoni. Chuma cha kupashia joto kilikuwa hapo, na wakati wa baridi kila mwanafunzi alikuwa akisogea kupasha mikono joto kati ya kipindi na kipindi. Mkuu akakaa hapohapo penye joto. Kila mtoto alimpita mara kadhaa kwa siku. Aliona nani anacheka peke yake, nani amekuja bila soksi, nani hakuja. Shule ilipopata majengo makubwa na fedha za kujenga ofisi ya kifalme, meza ilihamia kwenye korido ya jengo jipya.

Tulitembezwa na binti wa darasa la kumi na moja, mwenye koti la bluu, anayetembea kinyumenyume huku akizungumza, wala hakujikwaa hata mara moja. Nilimwomba anionyeshe ile korido. Alishangaa kidogo, nadhani wageni wengi huuliza maabara na bwawa la kuogelea, lakini alitupeleka. Ni korido tu. Sakafu inang'aa, vijana wanapita na vitabu, mlango unajifunga wenyewe polepole. Nilisimama pale kama dakika tatu, mpaka shemeji akajikohoza.

Nikamuuliza yule binti kuhusu adhabu, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba enzi za Boyden hapakuwa na orodha ya sheria ukutani wala jedwali la adhabu, na kwamba kumfukuza mtoto lilikuwa jambo la nadra kabisa. Alicheka. Akasema siku hizi kuna kijitabu cha mwongozo, kama shule zote. Lakini jambo moja la zamani limebaki: siku nyingi za wiki wanakula pamoja, wamekaa, kila meza na mwalimu wake, na wanafunzi wenyewe kwa zamu ndio wanaopakua, kuandaa na kuondoa vyombo. Mtoto wa tajiri na mtoto wa msaada wa ada wote hubeba sinia. Hilo nalo lilinipendeza, ingawa kwetu hatulihesabu kuwa falsafa. Tunaita zamu ya jikoni.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza ada. Bweni na masomo kwa mwaka ni zaidi ya dola 70,000. Alitoa simu, akapiga hesabu kwa shilingi ili anisaidie, akanionyesha kioo: zaidi ya milioni mia moja sabini. "Mjomba, hii ni nyumba," akaninong'oneza. Binti alisikia, akaeleza kwa adabu kwamba wengi hupata msaada wa ada. Boyden naye, wakati wake, alikuwa akiwaachia wazazi waseme wenyewe wanachoweza kulipa. Nikijaribu hilo kwetu Morogoro, nadhani mwezi wa pili tutakuwa tunafundisha kwa mshumaa. Ila yeye alikuwa na marafiki ambao sisi hatuna, na hapo ndipo historia ya shule ile inapokuwa tamu.

Kwa miaka mingi Deerfield haikuwa ya serikali wala haikuwa ya binafsi kabisa. Wadhamini walikuwa wa binafsi, lakini ilikuwa ndiyo sekondari ya kijiji, na kijiji kilichangia fedha za kodi. Mwaka 1917 katiba ya Massachusetts ikarekebishwa: fedha za umma zisiende kwenye shule zisizo za umma. Ulipofika mwaka 1924 kamba ikakatika. Kijiji kikachukua njia yake, na Boyden akabaki na jina, majengo machache, na watoto wa wakulima ambao sasa hawakuwa na mlipaji.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameona kioo kilichogeuzwa. Kwetu, baada ya Azimio la Arusha, sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule nyingi za binafsi na za misheni zikawa za umma, na mlango wa shule binafsi za msingi haukufunguka vizuri mpaka miaka ya 1990. Mkuu wetu alianza pale mlango ulipofunguka. Wao huko, sheria iliisukuma shule nje ya mikono ya umma. Pande zote mbili wakubwa walikuwa na hoja nzuri, na pande zote mbili mwalimu mkuu aliamka asubuhi akakuta shule yake si ile aliyolala nayo.

Waliomwokoa Boyden walikuwa washindani wake. Wakuu wa shule kubwa na kongwe zaidi, Alfred Stearns wa Andover, Lewis Perry wa Exeter na Horace Taft, aliyekuwa ndugu wa rais William Howard Taft, walimchangishia fedha na kumpelekea wanafunzi. Wengine kati ya wanafunzi hao ni vijana waliokuwa wamewashinda wao wenyewe. Shule iliyotimua mvulana ilimwambia baba yake, mjaribu yule jamaa wa bondeni. Naye akawapokea. Nimefikiria sana jambo hilo. Wilayani kwetu shule mbili za binafsi zikiwa kilomita tatu mbali, madereva wao hawapishani barabarani, na mwalimu akihama kutoka moja kwenda nyingine husemwa kama aliyebadili dini.

Na kijiji kile kina shule tatu za namna hiyo kwenye eneo ambalo ungeweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kule mlimani kuna Eaglebrook, ya wavulana wadogo, iliyoanzishwa 1922. Barabarani palepale kuna Bement, iliyoanzishwa 1925 na mwanamke, Grace Bement, na inapokea watoto tangu chekechea. Yule mfalme wa mpwa wangu, Abdullah wa Pili, alipita Eaglebrook kwanza, ndipo akaja Deerfield na kumaliza mwaka 1980.

Nimesema mke na mume. Helen Childs alimaliza Smith mwaka 1904, akaja kufundisha sayansi kwa muda, naye akakaa maisha yote. Waliooana mwaka 1907 ni mwalimu mkuu na mwalimu wa kemia, na wazee waliosoma pale wanamsema mama yule kwa sauti tofauti na wanavyomsema mzee. Macho yake yalikuwa mabovu, alisoma karatasi ikiwa karibu igusane na pua. Aliwataka darasani kwake wale wazito, waliokata tamaa ya hesabu na kemia, na alifundisha kwa zaidi ya miaka sitini. Mkuu wetu aliponiagiza nilimwona kama anaulizia mtu mmoja. Ningekuwa mkweli zaidi ningemkumbusha hapohapo bombani kwamba shule yetu nayo iliongozwa na watu wawili, na kwamba tangu mmoja azikwe, daftari la madeni ya ada halijawahi kukaa sawa.

Jambo la wasichana lilinikwaza. Walikuwepo tangu 1799, na Boyden mwenyewe alianza na darasa la mchanganyiko. Lakini shule ilipozidi kuwa ya bweni na ya wavulana kutoka mbali, mabinti wa kijiji walipungua, na mwaka 1948 wakaondolewa. Wakarudi mwaka 1989, na wanafunzi wengi wa kiume wa wakati huo walipinga kwa kelele. Nilimtazama yule binti anayetembea kinyumenyume. Alilisema jambo hilo kwa sauti ileile aliyosemea maktaba, akaendelea.

Kuna habari moja ambayo sikuitarajia. Kwenye maktaba ya sekondari niliyosoma palikuwa na kitabu kinene cha John Gunther, mwandishi Mmarekani aliyezunguka Afrika nzima na kuandika habari zake, kilitoka mwaka 1955. Tulikitumia kukalia. Kumbe mwanawe Gunther alikuwa mwanafunzi wa Deerfield. Alipata uvimbe kwenye ubongo, akapasuliwa zaidi ya mara moja, akawa anasoma kitandani ili asiachwe na wenzake. Juni 1947 alitembea mwenyewe mbele ya watu, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, akapokea cheti chake kwa Boyden. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekufa, na miaka kumi na saba tu. Baba yake aliandika kitabu kuhusu hayo pia, na hicho hatukuwahi kukiona.

Sasa agizo. Ilikuwaje alipotoka?

Boyden aliacha kazi mwaka 1968, akiwa na miaka themanini na minane, akafa 1972. Ni wazi kwamba alichelewa. Nalisema mimi, na nadhani hata wanaompenda wanalijua. Miaka yake ya mwisho vijana walikuwa wanafuga nywele na kuuliza maswali kuhusu vita vya Vietnam, na shule ilikuwa bado inaendeshwa kutoka kichwani mwa mtu aliyezaliwa mwaka 1879. Wanafunzi walikuwa wamefika kama mia tano. Aliyefuata, David Pynchon, alikaa miaka kumi na moja. Baada yake akaja Robert Kaufmann, aliyewarudisha wasichana. Kisha Eric Widmer, mwanafunzi wa zamani. Mwaka 2006 akaingia mwanamke wa kwanza, Margarita Curtis, mzaliwa wa Kolombia. Mwaka 2019 akashika John Austin.

Huyu Austin alitokea Jordan. Mfalme Abdullah alitaka nchi yake iwe na shule kama ile aliyosoma, akajenga King's Academy karibu na Madaba, ikafunguliwa mwaka 2007. Mkuu wa kwanza alikuwa Widmer, aliyetoka Deerfield kwenda kuianzisha. Wa pili alikuwa Austin. Baada ya miaka tisa jangwani akaitwa Massachusetts. Mwana amemzaa mkuu wa mama, kama mtu anavyopanda mbegu ya embe aliyopewa, akamrudishia jirani yake kikapu. Nililiandika jambo hilo kwenye simu yangu, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mzee.

Kabla ya kuondoka nilitembea peke yangu mpaka nyumba ya Wells, ile ya kona yenye sehemu mbili, moja mpya na moja ya kale. Mwenye nyumba ile, Ebenezer Wells, alimmiliki mwanamke aitwaye Lucy Terry, aliyeletwa kutoka Afrika akiwa mtoto. Mwaka 1746 watu wa kijiji waliposhambuliwa wakiwa wanavuna majani malishoni, Lucy alitunga shairi la tukio hilo. Lilikaa midomoni mwa watu zaidi ya miaka mia moja ndipo likachapishwa, mwaka 1855, na wasomi wanalihesabu kuwa utungo wa kwanza unaojulikana wa Mwafrika katika Marekani. Sisi wa pwani na bara tuliokariri tenzi kabla ya kujua kuandika hatuna la kushangaa hapo. Lucy aliolewa mwaka 1756 na Abijah Prince, mtu huru mweusi, wakahamia Vermont. Husimuliwa kwamba alikwenda chuo cha Williams akahutubia wadhamini kwa saa tatu akitaka mwanawe apokelewe, nao wakakataa. Wanahistoria wa siku hizi wanaitilia shaka habari hiyo. Mimi nimeshakaa kwenye vikao vya wazazi, naamini angalau zile saa tatu.

Kando ya barabara, chini kabisa, wameanza kuweka mabamba madogo yenye majina ya watu waliokuwa watumwa pale. Ni lazima uiname ili usome. Shemeji alipiga honi. Dada alikuwa na zamu saa nne.

Usiku ule, saa tano kwangu na saa kumi na mbili asubuhi Morogoro, nilimpigia mkuu. Nyuma ya sauti yake nilisikia ringi ya gari ikigongwa, watoto wa bweni wanaamshwa. Nilimweleza yote, kigari, timu, washindani, miaka sitini na sita, Jordan. Kwenye Jordan aliguna kidogo, nikajua amelipenda. Nikamweleza meza.

Alikaa kimya kiasi cha kunifanya nidhani mtandao umekata.

"Barazani kwetu kuna upepo, Mwalimu," akasema. "Karatasi zitapeperuka."

Nikamwambia kweli, Mzee.

"Na yule alikaa penye moto kwa sababu kwao kuna baridi, watoto wanaufuata. Sisi hapa hakuna baridi. Watoto wetu wanafuata nini?"

Nikasikia upande wake ndoo zinagongana, na mtoto mmoja akimlilia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

"Subiri," akasema, na nikasikia kiti kinaburutwa.